Kiti cha Mzee Shina

"Taratibu, wewe! Hicho si kiti, ni nasaba!"

Mzee Shina alisimama mlangoni mwa karakana, leso puani kukwepa harufu ya gundi, akimtazama fundi viti akishusha mzigo kutoka kwenye mkokoteni. Jina la Shina alipachikwa na majirani, maana hakujibu salamu bila kuchimbua shina la ukoo wake. Nasaba aliitia kila mahali kama chumvi: kwenye chai, kwenye mazishi ya watu, hata kwenye foleni ya maji. Ukimkanyaga kidole, umekanyaga nasaba.

"Babu wa babu yangu alikalia kiti hiki akiamua kesi," alisema. "Siku moja simba aliingia kushtaki, akaambiwa asubiri nje."

"Akasubiri?"

"Simba wa zamani walikuwa na adabu. Walijua nasaba."

Fundi alikibonyeza kikalio. Springi ikalia kama paka aliyebanwa mlangoni.

"Saa kumi kiwe sebuleni kwangu. Nitakikalia nikitoa jibu kuhusu binti yako. Nikufiche nini? Mwanangu kapenda, lakini nyie hamna nasaba. Babu yako alikuwa nani?"

"Alikuwa mtu, mzee."

"Watu wako wengi," alisema Mzee Shina, akaenda zake, tumbo likimtangulia kama mpiga mbiu.

Mke wa fundi alitoka ndani na kikombe cha chai. Alikuwa amesikia yote. Hata viziwi wa mtaa wa pili walikuwa wamesikia.

"Hivi nasaba ndiyo nini hasa, mama watoto?" fundi aliuliza.

"Ni neno la watu wanaoona aibu kusema 'hapana' kwa mdomo mtupu."

Nyuma ya nyumba binti yao alikuwa akipiga pasi gauni alilolishona mwenyewe kwa miezi mitatu. Alikuwa anaimba. Fundi alisikiliza kidogo, kisha akapindua kiti miguu juu na kuanza kung'oa misumari, mmoja mmoja, akiitia kwenye kopo. Kitambaa cheusi cha chini kilipofunguka, vumbi likamrukia. Akapiga chafya, akafuta macho, akatazama upande wa ndani wa ubao wa mbele.

Penseli ya seremala, herufi nene: *Cha 4 kati ya 6. Mkahawa wa stesheni.*

Ile nne ilikuwa imegeuka, inatazama nyuma.

Fundi aliketi sakafuni. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuandika nne namna ile. Baba yake alijifunza kuandika kwa kunakili magunia, na gunia lililomfundisha nne lilikuwa limegeuzwa ndani nje. Hakufunga kiti bila kuandika ndani yake alimtengenezea nani. "Kikirudi," alikuwa akisema, "nikijue."

"Kimerudi," fundi alimwambia mkewe.

Mkewe aliinama, akasoma, akajishika mbavu. "Simba alikwenda kushtaki mkahawani! Mwonyeshe, baba! Mpake hiyo nne usoni!"

"Nikimuumbua mimi, atamkataa binti yetu."

"Na ukinyamaza?"

Fundi alikigeukia kiti. Alibadilisha springi, akaikaza kwa kamba ya katani, akarudisha kitambaa cheusi. Pembe tatu akazipigilia. Ya nne akaiacha.

Saa kumi sebule ilikuwa imejaa, kila kiti na mwenyewe. Binti alisimama karibu na mlango, gauni limenyooka, mikono haijui iende wapi. Mzee Shina alikuwa amesimama katikati, koti limefungwa hadi kooni, akingoja makalio yake yapate heshima yao.

"Samahani, wazee wangu," fundi alisema, akakilaza kiti kwenye zulia, miguu juu. "Umebaki msumari mmoja."

Ile pembe ilining'inia. Aliyekuwa karibu ni shangazi wa bwana harusi, dada mkubwa wa Shina, mwanamke asiyepita karibu na maandishi bila kuyasoma. Alivaa miwani yake.

"'Cha nne kati ya sita. Mkahawa wa stesheni.'" Akainua uso. "Kaka, babu alikuwa anauza chai?"

Mzee mmoja alikohoa kikohozi kilichofanana mno na kicheko.

"Na nne yenyewe imegeuka. Nani kaandika?"

"Baba yangu," fundi alisema.

Shangazi alimtazama fundi, akakitazama kiti, kisha akamtazama binti mlangoni. Akasogea kidogo kwenye kochi.

"Njoo hapa, mwanangu. Umesimama muda mrefu."

Binti akaenda akaketi. Sasa aliyebaki amesimama alikuwa Mzee Shina peke yake.

"Haya, kaka," shangazi alisema. "Ulikuwa unataka kutwambia nini?"

Mzee Shina alifungua kifungo cha juu cha koti, akatafuta kwa macho pa kukaa. Fundi alikuwa amepiga magoti, nyundo mkononi, akipapasa mfuko wa shati, halafu wa suruali, halafu tena wa shati, akiutafuta ule msumari mmoja bila haraka yoyote.