Waliobonyeza Utani

Kwenye chumba cha mafundi cherehani walimwita Bingwa, na jina lilimkaa. Mchezo wenyewe ulikuwa wa simu: unasikilizishwa sauti ya mtu usiyemjua, unabonyeza upesi kama ni hasira, huzuni, hofu au utani. Jibu lako likilingana na la wengi, unapata nyota. Wenye mchezo walidai majibu hayo yanaifundisha kompyuta namna watu wanavyozungumza. Bingwa alichotaka ni nyota. Alimsumbua hata mumewe, mpakizi wa magunia na mtu wa maneno machache, mpaka naye akajiunga na kurekodi sauti yake, maana kumleta mchezaji mpya nako kuna nyota.

Mchana huo, chai mkononi, ikamjia sauti ya mwanamume anayecheka.

"Daktari anasema moyo wangu umechoka, nisibebe hata ndoo. Haya, mimi huyu, nyumbani nitaanzaje kusema?"

Bingwa akabonyeza utani. Maua yakamwagika kwenye kioo: hongera, wote wamejibu kama wewe, umepanda daraja.

Shoga yake wa cherehani ya pili akapiga makofi. Bingwa aliinamia simu. Kicheko kile alikijua. Ndicho anachocheka mumewe akiulizwa kwa nini hali vizuri. Alisikiliza tena. Chai ikamwagikia kitambaa cha mteja na asiione.

"Vipi wewe, umeona jini?"

"Huyu ni mume wangu."

"Si anatania tu?"

"Asubuhi nimemwachia kabati alipandishe juu na jirani," Bingwa alisema. "Nikamwambia aache uvivu."

Alipiga simu, haikupokelewa. Akatoka mbio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Huyu kaumbuliwa na mchezo wa simu. Kulala kitanda kimoja na mtu, ukajua hata anavyokoroma, halafu habari ya uhai wake uisikie pamoja na wapita njia! Kila kona alijilaani upya.

Aliwakuta kwenye ngazi, jirani juu, mumewe chini, kabati limemwelemea kifuani.

"Litueni."

"Tumeshafika, mke wangu."

"Litue. Nimekusikia kwenye simu."

Mumewe alianza kucheka, kicheko kikakatika. Wakalitua. Akaketi palepale, jasho likimtiririka, pumzi zikija kwa shida.

"Nilijua wanaosikiliza hawanijui," alisema. "Hao hawalii. Wewe ungelia."

"Sasa mimi ni wa nini, kama si wa kukulilia?"

Jirani akauliza kutoka juu kama asubiri au aende zake. Bingwa aliketi kando ya mumewe, akamwekea kiganja kifuani. Moyo ulikwenda mbio, ukasita, ukaenda tena. Hapo ndipo alipolia.