Mchezo Usio na Firimbi

"Na mimi nakwambia, Min Byron, huo mpira haina saa!"

Marcella alikuwa amesimama upande wake wa ua, mwiko mkononi, na sauti yake ilifika mpaka kwa fundi wa baiskeli aliye ng'ambo ya barabara. Upande wa pili Rispa, mama yake Byron, alikuwa akianika shuka, na kila shuka aliikung'uta kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

"Kila mpira una saa. Wanaanza saa nane, saa kumi na moja wamemaliza. Mwalimu wao, Werema, amewaahidi wazee wa kanisa kwa mdomo wake."

"Werema mtu wa Migori anajua aje jua ya Homa Bay inazama saa ngapi?"

"Jua ni moja, Marcella!"

"Haya, ni moja. Lakini hawa vijana watatu wa mashindano wamelala kwangu tangu Jumapili. Wanakula kama nzige na wanaongea kama kasuku, na mimi masikio ninayo. Wanasema mchezo wao hauna firimbi ya mwisho. Mkiwa sawa, mnaendelea. Hata mpaka kesho. Pika mapema, jirani. Nakwambia kwa uzuri."

"Kwa uzuri uleule uliomlisha mwanangu mumi?"

Fundi wa baiskeli aliacha kugonga. Hilo neno la mumi lilikuwa halijatajwa hadharani kwa muda mrefu, ingawa mtaa mzima ulilijua. Byron, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, aliingia kwa Marcella kama ilivyokuwa desturi yake, akawekewa sahani, akala samaki asiye na magamba. Kwa Mkatoliki kama Marcella hicho kilikuwa kitoweo tu, tena kitamu. Kwa Rispa, shemasi wa Waadventista, kilikuwa kitu najisi kilichoingia tumboni mwa mwanawe. Alisimama palepale kwenye ua akatangaza kwamba mguu wake ukivuka mlango wa Marcella kwenda kula, basi uvimbe. Tangu siku hiyo haukuvuka. Na haikuwa rahisi, maana nyumba ya Marcella ndiyo iliyokuwa na watu, kicheko na habari zote za mji. Rispa alizisikia kwa mbali tu, kama mtu anayesikia harusi ya kijiji cha pili.

"Mumi alikula mwenyewe," Marcella alisema, sauti imeshuka. "Na akaomba mchuzi." Kisha akaingia ndani.

Rispa alimaliza shuka zake. Moyoni hakuwa na hasira ya mumi tena, alikuwa na woga mwingine. Byron alikuwa amekaa Migori miaka miwili katika chuo kidogo cha ualimu, na huko ndiko alikoufahamu mchezo huu wa besiboli, wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka viroba vinne vya mchanga. Mwaka huu wa tisini na sita, mashindano ya taifa ya vyuo vidogo yaliletwa Homa Bay. Chuo chake kilishinda na kushinda tena mpaka kikafika fainali. Fainali ilipangwa Jumamosi, lakini Mwalimu Werema, ambaye nusu ya timu yake ni watunza Sabato, alizunguka na kuomba mpaka ikasogezwa Ijumaa. Ndipo Rispa aliposimama mbele ya kanisa akasema, "Mwanangu hatarusha mpira ndani ya Sabato." Watu wakaitika amina.

Amina ni rahisi. Yeye hakujua mwanawe alikuwa akiishi vipi huko Migori Ijumaa jioni, jua linapozama na Sabato inapoingia, na hakuna mama wa kumwangalia. Alitaka kujua, na aliogopa kujua. Ndiyo sababu alikwenda uwanjani, yeye ambaye hajawahi kutazama mpira wa aina yoyote. Jua likianza kuinama, atamwita. Na chakula cha Sabato, kile kinachopaswa kuwa tayari kabla ya machweo, atakipika akirudi saa kumi na moja.

Mvua iliharibu hesabu hiyo mapema. Ilianza mechi ikiwa changa, ikanyesha kama iliyotumwa, na watu wote wakajibana chini ya paa la jukwaa pamoja na ng'ombe wawili wasiojulikana ni wa nani. Ilipokatika, vijana walimwaga machujo ya mbao kwenye matope, wakaendelea.

Byron ndiye aliyekuwa mrushaji wa Migori. Alisimama peke yake juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, akakunja mguu, akarusha, na mpira ukalia *pwaa!* ndani ya glovu ya mdakaji. Mpigaji wa timu pinzani, iliyotoka bondeni, alikata hewa tu kwa gongo lake. Rispa hakuelewa kitu, lakini mama mmoja aliyekaa karibu naye, muuza karanga, alikuwa ametazama wiki nzima na alimfafanulia: kila upande una zamu tisa za kupiga, ukitolewa watu watatu zamu yako imekwisha, na anayezunguka viroba vyote akarudi alipoanzia amepata alama.

"Na zamu tisa zikiisha mkiwa sawa?"

"Mnaongeza," alisema mama wa karanga.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja ashindwe. Si mpira wa miguu huu."

Rispa alikumbuka Marcella na mwiko wake.

Zamu tisa ziliisha wakiwa sawa. Ya kumi ikaisha wakiwa sawa. Na hapa ndipo jambo la ajabu lilipompata Rispa: alisahau alichojia. Aliyeketi kwa adabu akishika mkoba alikuwa sasa amesimama, leso imedondoka. Alijua nani amechoka na nani anajifanya. Alimwona mwanawe akifuta jasho kwa bega, namna ileile ya marehemu babake, na hakuwa amejua kwamba kijana ameirithi. Katika zamu ya kumi na moja Migori walipata alama moja, jukwaa likatikisika, na Rispa alimkumbatia mama wa karanga mpaka karanga zikamwagika.

Bondeni wakaja kupiga. Wa kwanza akatolewa. Wa pili akafika kiroba cha tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani. Mwingine akatolewa. Amebaki mmoja. Akitolewa huyo, kombe linakwenda Migori.

"Rusha, nyathina!" sauti ya mwanamke ilipasua uwanja. "Rusha, mwanangu!"

Byron alipogeuka ndipo Rispa alipotambua kwamba sauti ilikuwa yake.

Lakini Byron hakuwa akimtazama yeye. Alitazama juu ya kichwa chake, upande wa Mbita, mahali ambapo jua lilikuwa limebakiza uzi mwembamba mwekundu, na uzi wenyewe ukakatika. Alisimama kidogo. Kisha akavua glovu, akaenda mpaka nyuma kabisa kwenye nyasi alikosimama mwenzake Onchiri, ambaye wiki nzima hakurusha hata mara moja, akamwekea mpira mkononi. Alimwambia neno. Onchiri alitikisa kichwa kukataa, kisha akakubali.

Uwanja ulilipuka. "Muoga!" "Ameuza mechi huyo!" Mwalimu Werema alisimama mikono kiunoni bila kumzuia, maana alikuwa ameahidi kwa mdomo wake. Byron alipita katikati ya matusi hayo mpaka kwenye kamba.

"Mama, twende."

Rispa alimshika mkono. Na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Si amebaki mmoja tu?"

Byron alimtazama kama mtu aliyeamkia nyumba ya wenyewe. "Mama," alisema polepole. "Jua limeingia."

Aliokota leso akamfuata. Walikuwa wamefika barabarani walipousikia umati nyuma yao ukinguruma. Mngurumo huo ungeweza kuwa wa furaha, ungeweza kuwa wa kilio. Kila upande ulikuwa na watu wake pale. Miguu ya Byron ilisimama. Kisha akaendelea kutembea, na Rispa, ambaye angetoa jino kujua ni nini, akatembea pia.

Walipita njia ndefu ili wasikutane na watu. Kanisani ibada ya kuikaribisha Sabato ilikuwa imeshaanza. Byron alitaka kuingia. Rispa akasimama nje chini ya dirisha, akasema kwamba viatu vyake vina matope. Wakasikiliza wimbo mpaka mwisho wakiwa hapo nje. Ndani, wote wangemsifu kwa mwana aliyemlea. Yeye aliwaza: nilimlea, ndiyo, lakini leo ni nani aliyemwongoza mwenzake? Kwa miaka miwili alikuwa amehofia kwamba kijana hataweza kusimama bila yeye. Hakuwahi kufikiri kwamba ingekuja siku asimame akiwa naye, tena dhidi yake.

Nyumbani jiko lilikuwa baridi. Mboga hazikukatwa, unga ulikuwa mkebeni, na moto haukuruhusiwa tena. Byron hakuwa amekula tangu asubuhi. Alikunywa maji, akasema ameshiba, jambo ambalo hata paka asingeliamini.

"Min Byron."

Marcella alikuwa kwenye ua, na taa ya chemli.

"Marcella, leo hapana. Ulisema, na imekuwa. Kesho kutwa uje unicheke."

"Nani amekuja kucheka? Nilipoona ile mvua nikajua. Nikasonga ugali, nikapika, nikafunika. Jua ilikuwa bado juu. Nilimwita fundi wa baiskeli aje aone, awe shahidi. Imepoa, lakini imepoa vizuri. Na samaki ni ngege, si mumi. Magamba nimeyaacha kwa mkia uyaone na macho yako."

Rispa alitega sikio. Kutoka nyumba ya Marcella, ambayo tangu Jumapili haikuwahi kunyamaza, hapakusikika kitu.

"Mbona hao vijana kimya?"

"Wamerudi na baiskeli zamani. Nimewaambia, atakayetaja nani ameshinda kabla jua ya kesho izame na Sabato yenu iishe, analala na kuku." Marcella alivuta pumzi, mashavu yalikuwa yamemjaa kama ya mtu aliyeficha kaa la moto mdomoni. "Na mimi sisemi. Usiniulize, Min Byron, nakuomba, nitapasuka."

Byron alicheka, mara ya kwanza jioni hiyo.

"Marcella," Rispa alisema, "mimi ndiye niliyetaka abaki. Nilipiga kelele."

"Najua. Sauti yako tuliisikia huku." Aliinua taa, akalisukuma lango dogo la ua kwa goti, likafunguka kwa shida, maana lilikuwa limekaa sana bila kutumika. "Na huo mguu ukivimba nitaukanda mwenyewe. Biuru uchiem. Ingieni, mle chakula."