Kabla Fahmi Hajafika Kwenye Fatiha

...na Fahmi aliposema "kwa ufupi, ndugu zangu," Shamte akajua hapo ndipo urefu unapoanza, maana Fahmi tangu wamjue hajawahi kusema kitu kwa ufupi, hata salamu, na vizuri, aseme, aendelee kusema mpaka biriani ya Ummu ipoe huko juu jikoni, kwa sababu akimaliza atasema "basi tusome Fatiha", na watu wote waliokaa kwenye zulia hili, chini ya nyumba ya Ummu hapa Temple Hills, Maryland, watafungua viganja vyao, na Fatiha ikishasomwa hakuna tena kurudi nyuma, hakuna "nilipitiwa", hakuna "nilikuwa na hasira", timu mbili zitakuwa moja na jina la Vikokotoni litakuwa limezikwa bila hata sanda... isipokuwa yeye asiinue mikono, hilo ndilo lililobaki, Fahmi mwenyewe, mpatanishi wao, amelitamka mbele ya watu, kwamba mwenyekiti asipofungua viganja hakuna Fatiha, na bila Fatiha hakuna muungano, kila mtu avae viatu vyake arudi kwake, na kwa hiyo mikono ya Shamte imelala juu ya magoti yake, mizito kama ya mtu mwingine, mikono iliyogeuza usukani wa magari ya watu tangu alfajiri kule hotelini Alexandria, ng'ambo ya mto, chini kwenye maegesho ambako mchana na usiku ni taa ile ile, akatoka huko moja kwa moja na shati la kazi, na Mwatime mkewe akamwambia garini, "Usiende kutuaibisha kwa watu, hasira zako ziache humu humu pamoja na kofia ya kazi," naye akamjibu kwamba hasira si mwavuli, na Mwatime akacheka kwa puani, kicheko cha mke aliyekwisha kuchoka kushinda... "Mwaka ule tulipoanza," Fahmi anasema, "hatukuwa na mpira, tulikuwa na fidla," na watu wanacheka, na ni kweli, walianza na fidla, nani asiyejua, walikuwa watu wa Unguja na Mombasa wanaokutana Jumapili kupiga taarabu, kanuni moja ya nyuzi, kodiani moja iliyokuwa ikipumua kama mgonjwa wa pumu, na Azhar na dumbaki, na katikati ya nyimbo vijana wakawa wanatoka nje kupiga mpira uwanjani, mpaka siku moja Shamte akasema basi tushone jezi, na jina, jina likatoka kinywani mwake kabla hajalifikiri, Vikokotoni, mtaa wao yeye na Azhar, kule mjini Unguja, nyumba mbili zinazotazamana mlango kwa mlango... na huyo hapo Azhar, ng'ambo ya zulia, kakaa mkao ule ule wa utotoni, mguu mmoja chini ya mwingine, mvi zimemjaa, mnafiki mkubwa, maana ni yeye aliyesimama miaka ile na kusema watu wa mpira wamechoka kungoja watu wa fidla wapashe nyuzi, akaondoka na vijana wote wenye mapafu, akaanzisha timu yake akaiita Potomac, mto! mtu mzima anaita timu jina la mto ambao hajawahi hata kunawa ndani yake, na Shamte akabaki na wazee na kibali cha uwanja, uwanja mzuri wa Jumapili, nyasi safi, na watu tisa wanaouchezea... tisa, na Kiplagat, huyu kijana wa Eldoret anayewachezea wote wawili kwa zamu kama mume wa wake wawili, amemwambia leo mbele ya watu, "Buda Shamte, magoti yako yameisha waranti, si uwache machalii wacheze?" na watu wakacheka, na Shamte naye angecheka kama goti lisingekuwa linamuuma wakati ule ule.

"Tusikimbilie," Fahmi anasema, "tuangalie na upande wa pili," na kuna upande wa tatu na wa nne, Shamte anamjua, na upande wa pili ni kwamba Potomac wana vijana lakini hawana uwanja, wanafukuzwa kutoka bustani moja hadi nyingine kama mbuzi, na Vikokotoni wana uwanja lakini msimu ujao hawatatimiza watu wa kutosha kuingia ligi, na asiyetimiza watu hunyang'anywa kibali, ndiyo maana wamekutana, kila mmoja anakufa kivyake, hilo Shamte halibishi, yeye ni mtu wa kweli kavu, hajasoma chuo lakini hajawahi kumwambia mtu nyeupe kuwa nyeusi, muungano anaukubali, wachezaji anawakubali, ila jina... wamekubaliana huko nyuma ya mgongo wake kwamba lisiwe Vikokotoni wala Potomac, liwe Masafa, eti Masafa, kama kituo cha redio, na Akintunde, golikipa wao, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni kule College Park na anakizungumza kama taarifa ya habari, akasimama na kusema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa dukuduku langu, jina jipya halifuti historia," na Ummu akamnong'oneza Mwatime, "Dukuduku! Mimi tangu nizaliwe sijapata kulitoa," na Shamte akamwitikia kwa kichwa, kwa sababu mtu akikuheshimu kiasi hicho huna pa kumpigia.

Jina halifuti historia... wewe Akintunde unajua nini juu ya mlango wa nyumba ya mama yangu, ulikuwa wa buluu, rangi imebanduka chini pale paka alipokuwa akikwaruza, na mama akikaa kwenye baraza akichambua mchele na kumtukana Azhar kwa upendo kwa kuwa mpira wake umeangukia ndani ya sinia, na sasa mama hayupo, na kaka zake Shamte wameiuza nyumba wakampigia simu baada ya kuiuza, na mlango wametia wa chuma, panauzwa kava za simu, alionyeshwa picha, akairudisha simu kwa mwenyewe... kwa hiyo Vikokotoni iko wapi? iko Maryland, Jumapili asubuhi, pale watoto waliozaliwa huku, wasioweza kutia neno la Kiswahili kwenye sentensi hata kwa bahati mbaya, wanaposimama pembeni ya mstari wa chaki na kupiga kelele "Vi-ko-ko-to-ni!" kwa ndimi zao za Kimarekani, na yeye anasimama pale na goti lake na kitu kinampanda kifuani, hiyo ndiyo nyumba iliyobaki, na ndiyo hiyo wanayotaka afungue viganja aizike, na aseme amina.

Ndiyo maana aliwapa kisa cha Wagiriki. Hakikuwa kisa alichotayarisha, kilimtoka tu, alisimama kabla ya Fahmi kuchukua neno, akawaambia, nyinyi mnaona jina ni kitu kidogo, basi mimi namjua mzee mmoja, Lefteris, fundi viatu, kibanda chake kiko karibu na lango la maegesho pale ninapofanya kazi, babu yake alichezea timu inaitwa Panionios, timu ya Wagiriki wa mji wa Smirna, na Smirna haikuwa Ugiriki, ilikuwa ng'ambo ya bahari, upande ambao leo ni Uturuki, na vita vikaja, mji ukaungua, watu wakasongamana gatini, moto nyuma na maji mbele, na babu yake Lefteris akavuka na viatu vyake vya mpira vimefungwa shingoni, na walipofika Athene hawakuwa na uwanja, hawakuwa na kitu, wakaiinua timu upya, na jina lake walikuja nalo, mpaka leo lipo, mji wameupoteza mzima mzima lakini jina hawakumpa mtu! Nyinyi hamjaunguliwa hata sufuria mnataka kutupa lenu!... na hata Kiplagat aliinamisha kichwa, na Fahmi akamgeukia Azhar akasema, "Sheikh Azhar, una neno?" na Azhar akatazama viganja vyake, akasema, "Sina. Mwenyekiti ameshasema," na Shamte akakaa chini akiwa ameshinda, na mpaka sasa hajui kwa nini ushindi huo hauna ladha.

"...na sisi wote ni watu wazima," Fahmi anasema, anazunguka, anakaribia, Shamte anaisikia sauti yake ikianza kushuka kama ndege inayotafuta pa kutua, bado, Fahmi, bado, zunguka tena kidogo... na macho yake, kwa kukimbia macho ya watu, yakaenda mlangoni kwenye ngazi, kwenye rundo la viatu, viatu vya watu wote hawa vimelaliana kama samaki sokoni, makubazi, raba za Kiplagat kubwa kama mitumbwi, na kando yake kimelala ubavu kiatu cha kahawia cha ngozi, kisigino kikimtazama, na kwenye kisigino mshono, uzi mwekundu na uzi wa buluu, sambamba... akasema moyoni, kiatu changu kile, halafu akakumbuka kwamba yeye amekuja na vile vyeusi vya kazi, vile pale, na mshono wake ni huo huo, kwa sababu Lefteris hakubali kukushonea kisigino kwa uzi mwingine, ukimwambia tia mweusi anakwambia nenda kwa mwingine, nyekundu na buluu ni rangi za timu ya babu yake, kila mtu Alexandria anayetembea na soli ya Lefteris anatembea na Panionios bila kujua... basi cha kahawia cha nani? akavihesabu kwa macho, Fahmi amekuja na makubazi, Akintunde raba, na pembeni pale kofia ya dereva wa teksi imewekwa juu ya kiatu cha pili, kofia ya kijani, ya Azhar.

Azhar naye huenda kwa Lefteris. Azhar anaegesha teksi yake upande wa pili wa hoteli na anapanda kile kigoda cha kibandani, kile kile kinachocheza mguu mmoja, na kama amekaa kwenye kigoda kile basi kisa amekisikia, na si nusu yake, kwa sababu Lefteris hana nusu, ndiyo adhabu ya kushonewa kiatu pale, kiatu chako kimo mkononi mwake na hakitoki mpaka kisa kiishe, na hakianzii kwenye moto, ee Mola wangu, hakianzii kwenye moto hata kidogo, kinaanzia kwenye muziki... na Shamte akahisi joto likimpanda shingoni, si la hasira, hasira zake anazijua zinavyopanda, hili ni jingine... kinaanzia kwenye Orfeus. Chama cha muziki na michezo, ndivyo walivyoanza, vijana wa Smirna, na Lefteris hapo husimamisha nyundo na kusema, "Muziki kwanza, kapteni, unasikia? Muziki!" na baada ya miaka kidogo baadhi yao wakajitenga, wakafungua chama chao cha michezo, wakakiita Gimnasion, na Shamte alimuuliza siku ile, kwa nini walijitenga, na mzee akapandisha mabega, "Babu hakuniambia. Watu wanajitenga kwa nini? Mmoja alisema neno, mwingine hakulisahau." Kisha wakakaa kikao. Wakaungana tena. Na chama kilichotoka kwenye kikao hicho hakikuitwa Orfeus wala hakikuitwa Gimnasion, kila upande uliacha jina lake mlangoni, wakachukua la tatu, ambalo halikuwa la huyu wala la yule, Panionios, na jina hilo, hilo la tatu, la mapatano, ndilo lililovuka bahari.

Na yeye alianzia kwenye moto. Yeye, mtu wa kweli kavu, asiyemwambia mtu nyeupe kuwa nyeusi, alisimama mbele ya watu akatoa nusu ya kisa, na hakuikata makusudi, wallahi hakuikata, ilimpotea, siku zote kila alipomsikiliza Lefteris alikuwa akingoja sehemu ya moto, sehemu ya jina, ile ya mwanzo aliiacha ipite kama abiria asiyeshuka kituo chake... na Azhar ameketi pale akimsikia akiiruka. Alikuwa na neno. Fahmi alimuuliza mbele ya watu wote, una neno, na neno alikuwa nalo mdomoni, zima, lenye Orfeus na Gimnasion, angelitoa tu na Shamte angevuliwa nguo mbele ya mkewe na mbele ya Kiplagat, lingekuwa gumzo kutoka Temple Hills mpaka Alexandria, na Azhar, mpiga dumbaki, mnafiki mkubwa, akatazama viganja vyake akasema sina... Alimfichia. Kama alivyomfichia siku Shamte alipovunja chungu cha mama, Azhar akasema ni mpira wangu, na mama akamkimbiza Azhar na mwiko mtaa mzima, na mtaa ule... mtaa ule ulikuwa nini, kama si mtu wa mlango unaoutazama wako anayekufichia?

Amechoka. Amechoka tangu kabla ya leo, amechoka kuwa mlinzi wa mlango uliokwisha kung'olewa. Masafa. Bado linasikika kama redio. Watoto pembeni ya chaki watalipigia kelele, silabi tatu tu, hata hawatapata taabu... na akamtazama Azhar, na Azhar akawa anamtazama, na Shamte, bila kusema kitu, akapeleka macho kwenye rundo la viatu, akayarudisha, na Azhar akafuata macho yale mpaka mlangoni, akaona alichoona, na aibu ikamshika yeye, si Shamte, akakivuta kikoi chake kufunika nyayo ambazo hazikuwa na kiatu, mpumbavu yule, na Shamte ikabidi aume shavu kwa ndani asicheke.

"Na jambo lingine dogo," Fahmi anasema, "kabla hatujasoma Fatiha, ningependa kurudi kidogo kwenye ile hoja ya kwanza," na anarudi, Mungu amsamehe, anarudi mpaka kwenye fidla, na mikono ya Shamte ingali magotini, ila sasa inangoja kufunguka, hakuna aliyeona chochote, Mwatime ameifumba midomo akimwangalia mumewe kama mtu anayeangalia maziwa jikoni, harufu ya biriani inashuka ngazi, na hasira, zile zake mwenyewe, anazozijua, zinaanza sasa kumpanda kutoka unyayoni, taratibu, za haki kabisa... kwa ufupi, umesema kwa ufupi, bwana wee, watu wana njaa, watu wamefanya kazi tangu alfajiri, maliza basi, Fahmi, maliza, mbona hufiki, soma.