Chupa ya Mwisho ya Dao Nuea

"Bia ya Kinnari ilikuwa na ladha ya kutu," alisema Delbert, "na ndiyo maana ilikuwa tamu."

"Kutu ya kopo lako," Idris akamjibu. "Sisi tuliokunywa ya chupa hatujui kutu."

"We Mwelshi, wakati huo ulikuwa bado unakunywa maziwa."

Bishano hilo lilikuwa la zamani kuliko baadhi ya wateja wa pale. Kila alasiri, chini ya bati la baa ya Shangazi Khamnoi kando ya mto Wang, mjini Lampang, wazee hawa wawili wa Kizungu walifukua bia zilizokwisha kufa, wakazilia upya, kisha wakazirudisha kaburini mpaka kesho yake. Delbert Kruse alikuwa Mmarekani, fundi wa ndege mstaafu, na tumbo lake lilimtangulia kila aendako. Idris Pugh alikuwa mchimba visima, mwembamba kama mwiko. Wote wawili walikuja nchi ile wakiwa vijana na wakakosa sababu ya kuondoka.

"Nyie matanga yenu hayaishi," Shangazi Khamnoi aliwaambia huku akiwatilia barafu glasini. "Maiti hata mifupa hana tena."

Vijana wa Kizungu waliopita na mabegi yao mgongoni waliwacheka wazee hawa. Wacheke tu. Mtu anayekumbuka ladha ya kitu kisichokuwepo tena ndiye aliyeishi mahali. Wengine tumepita njia. Ukitaka kujua ni mwaka gani daraja lilisombwa na mafuriko, waulize hawa ilikuwa inauzwa pombe gani siku hiyo, watakwambia daraja lilisombwa vipi na nani alilia.

Lakini siku hiyo Idris moyo wake haukuwa kwenye Kinnari. Alikuwa anakodolea rafu nyuma ya Shangazi. Hapo ndipo zilipowekwa chupa za wateja, kila moja imevishwa shingoni kikaratasi chenye jina la mwenyewe, maana ukiishindwa chupa leo unaiacha na unaikuta kesho. Pembeni kabisa ilisimama moja ambayo haikuwahi kufunguliwa, yenye nyota ya buluu kifuani. Kikaratasi chake kilisema: *Delbert. Isiguswe mpaka nife.*

Ilikuwa Dao Nuea. Wenyewe waliiita wiski, ingawa ilipikwa kwa molasi ya miwa na mchele. Ukiimeza ilianza na utamu wa sukari iliyoungua, ikafuatia harufu ya mizizi ya dawa, na mwisho teke la punda. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa Dao Nuea alisifiwa na wazee wachache tu, na badala ya kutia maji akafunga mtambo kabisa. Siku habari ilipofika, Delbert alivaa shati jeusi.

Basi Idris alikuwa anaitaka chupa ile, na hakuitaka ya kunywa.

Miaka kadhaa nyuma mkewe, Bualai, aliugua figo hata madaktari wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Idris alikuwa mtu aliyekwisha kuacha hata kanisa la mama yake, na siku zote aliwatania majirani waliowapelekea mizimu soda nyekundu. Ila usiku mmoja wa hofu hauna mjuaji. Alikwenda peke yake kwenye hekalu dogo la Bwana wa Daraja, mzimu mlinzi wa pale mtoni, akapiga magoti juu ya saruji, akaahidi: mke wangu akipona, kila mwaka nitakuletea Dao Nuea, chupa nzima. Bualai akapona.

Ahadi ni deni, na kwa Bwana wa Daraja deni hulipwa kwa kile kile ulichokitaja. Ukiahidi mayai, peleka mayai. Ukiahidi kichwa cha nguruwe, usiende na miguu. Idris alilipa kila mwaka bila kumwambia mtu, wala mkewe. Mtambo ulipofungwa alizoa chupa zote alizoziona madukani, na mwaka jana akapeleka ya mwisho. Siku ya kulipa ilikuwa ni hiyo, naye alikuwa mikono mitupu. Alikuwa ametafuta mpaka Ngao, mpaka Thoen, mpaka kwenye maduka ya vijijini yanayouza betri na dagaa chumba kimoja. Hapakuwa na kitu. Na juzi Bualai alikuwa ameamka akishika mgongo.

Asubuhi ile alikuwa amefanya jambo la aibu. Alichukua chupa tupu ya Dao Nuea akaijaza wiski nyingine ya rangi ile ile, akaifunga vizuri, akaenda nayo. Alipofika mlangoni pa hekalu miguu ikagoma. Atamdanganya nani? Aliimwaga yote mtoni, akaja baa.

"Delbert," alisema sasa, "nipe ile chupa yako."

"Nikupe nini?"

"Dao Nuea. Nitakulipa chochote."

Delbert alicheka mpaka kiti kikalia. "Mzee wangu, soma kikaratasi. Nimekufa mimi?"

"Sitanii."

"Hata mimi. Ile ni ya siku yangu. Mtainywa mkinisema vibaya, na mimi ndani ya jeneza nanusa. Ukiwa na kiu sana, nisukume mtoni uone kama nitaelea."

"Wewe jitu lenye roho mbaya!" Idris alisimama. "Miaka yote hii sijakuomba hata njiti ya kiberiti!"

Delbert akaacha kucheka. Shangazi Khamnoi akaweka chini koleo la barafu. "Idris," alisema, "mficha uchi hazai. Sema una nini."

Akasema. Alisema haraka, akiangalia meza, kama mtoto aliyevunja sahani: figo, saruji, ahadi, mgongo wa juzi. Alipomaliza alingoja kicheko.

"Kwa nini hukutuambia?" Delbert aliuliza.

"Mngenicheka."

"Tungekucheka, ndiyo. Tungekucheka mwezi mzima. Halafu tungekupa chupa, mpumbavu wewe." Aliinuka, akazunguka kaunta, akaishusha Dao Nuea mwenyewe. Kile kikaratasi alikichana vipande viwili akakitia mfukoni. "Twende. Kabla sijabadilisha mawazo."

Shangazi aliwafungia barafu na soda, maana Bwana wa Daraja hanywi kavu. Walipotoka tu akachukua simu. Mdomo wa Shangazi Khamnoi haujawahi kulala na siri, na mara hii namshukuru.

Hekaluni Idris aliwasha ubani. Delbert aliomba afungue yeye. Kifuniko kilipolia, harufu ikatoka yote kwa pamoja: sukari iliyoungua, mizizi, na miaka yao. Wazee wawili wakasogeza pua kama paka jikoni. Delbert alifumba macho. "Mbaya vile vile," alinong'ona. "Mungu wangu, mbaya vile vile." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Ubani ukiisha tunaruhusiwa kuomba mabaki," Idris alisema. "Utakunywa, ndugu yangu. Glasi ya kwanza ni yako."

Kabla ubani haujafika nusu, pikipiki ikasimama nje. Bualai aliingia na kofia ya kazi, matope miguuni.

"Mgongo ni vitunguu saumu, mzee we!" alifoka. "Nimeng'oa vitunguu saumu wiki nzima, wewe unanizika! Na hii ahadi yako naijua siku nyingi. Mtunza hekalu ni binamu yangu."

Idris akamuuliza, "Mbona ulinyamaza?"

"Nikuseme nini? Mtu ambaye haamini, na kila mwaka anakuja kupiga magoti na magoti yake mabovu?" Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa nakaa nyumbani naona fahari."

Kisha akamgeukia Bwana wa Daraja, akakunja mikono. Alimwambia wazi, kama anavyoongea na mkwe: pombe hii imekwisha duniani, mume wangu hawezi tena. Kuanzia mwakani deni ni langu, na nitalipa kwa ngoma, kwa mwili huu huu uliouponya. Akaokota vibao viwili vya kuulizia akavirusha. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, Bwana amekubali. Vyote vilianguka kifudifudi.

Bwana amekataa. Idris akaviinamia vibao kuhakikisha.

Delbert alikohoa. Aliitazama chupa kwa muda mrefu, kama mtu anayemsindikiza ndugu kituoni. "Mama Bualai," alisema, "mwambie mabaki hatuyaombi. Yote ni yake. Sisi tumeshanusa."

"Delbert, hapana," Idris alisema.

"Nyamaza. Mwambie, mama."

Bualai akamwambia, akarusha tena. Kimoja chali, kingine kifudifudi.

Hakungoja mwakani. Alivua viatu vyake vya plastiki, akamkabidhi mumewe, na mtunza hekalu akawasha kaseti ya ngoma za kaskazini iliyokwaruza. Bualai alianza polepole, vidole vimepindwa kwa nyuma, shingo wima, matope bado yamemganda miguuni. Mwanamke ambaye madaktari walikwisha kumkatia tamaa alizunguka sakafu ya saruji bila kuhema, na Idris akamwangalia kwa mshangao wa mtu anayeoneshwa kwa macho kitu alichokuwa akikilipia gizani. Alilia kwa sauti. Delbert alimshika bega akajifanya anasoma maandishi ya ukutani ambayo hakujua kuyasoma.

"Na wewe," Bualai alisema bila kusimamisha mikono, "nimeahidi kila mwaka. Usithubutu kunitangulia kufa. Nani atanishikia viatu?"

Idris alivikumbatia kifuani, na matope yakampaka shati lote.