Maji ya Jumamosi

Chupa huzamishwa mdomo ukielekea kule maji yanakotoka, mkono hadi kiwiko, unahesabu tano, unaitoa. Nilikuwa nimefika tatu, nimechutama juu ya jiwe letu la kila Jumamosi, simu ya Dada Fundi ilipolia. Dada Fundi ni jirani yetu, fundi cherehani, na ndiye mwandishi wetu: saa, joto la maji, harufu. Alisikiliza, kisha akalifunga daftari bila kuandika chochote.

"Ni Mwalimu," alisema. Mwalimu mstaafu ndiye mwenyekiti wetu. "Manispaa wamejibu. Toa mkono, mdogo wangu. Basi tena."

Mwaka mzima tulikuwa tunaomba lifungwe bomba linalomwaga maji taka mtoni, pale juu ya daraja. Barua ya majibu ilikuwa fupi na yenye adabu. Walitushukuru kwa kujitolea. Walisema wamepitia vipimo vyetu wenyewe, Jumamosi hamsini na moja, na vyote vinaonyesha mto ni safi. Jalada limefungwa.

"Safi!" Dada Fundi alitema mate pembeni. "Katikati ya wiki harufu inaingia dukani kwangu mpaka wateja wanadhani ni mimi. Kuna mama alinishauri nikapimwe tumbo."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Siku zote tulichota Jumamosi kwa sababu siku nyingine mimi na Dada Fundi tuko kazini. Jumatano iliyofuata niliomba ruhusa, nikaenda peke yangu. Tunapimia kwenye visahani vya plastiki: vinakaa siku nzima kwenye boksi la joto, na kila kijidudu cha kinyesi kinaota doa la buluu. Vya Jumamosi huwa na madoa mawili, matatu. Hiki cha Jumatano kilikuwa buluu tupu, hakuna hata pa kuanzia kuhesabu.

Nilimtumia Mwalimu picha. Akanipigia.

"Kisahani kimoja mbele ya Jumamosi hamsini na moja, binti yangu? Hawatakitazama. Kuna mtu alikuwa anaijua siku yetu. Nani mwingine ana ratiba?"

"Hakuna, Mwalimu. Sisi watatu tu."

Sisi watatu, na friji ya nyumbani. Ratiba niliibandika mwenyewe mlangoni mwake, kwa kalamu za rangi, pamoja na maelekezo yote ya kuchota, ili Mama asinitume sokoni siku hizo. Baba hukaa akiitazama kila anapokula. Na Baba ni mwendesha pampu kwenye kituo cha maji taka.

Jioni ile, Alhamisi, Baba alirudi kama kawaida, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Mama alikuwa kwa dada yake. Nilimpakulia chakula, nikaweka kisahani kando ya sahani yake.

"Hii ni ya jana, Baba."

Alikitazama. "Jana ilikuwa Jumatano. Nani alikutuma uchote Jumatano?"

"Nilijituma."

Akakisogeza kwa kidole, polepole. "Pampu mbili zimekufa tangu mwaka juzi. Tangi likijaa nafungua lango la lile bomba la mtoni, nitafanyaje? Nimeandika barua mpaka wananitania. Wananiita Karani."

"Na Jumamosi?"

"Ijumaa jioni nalifunga. Nalifungua Jumamosi saa nne, tangi limebakiza shubiri moja kufurika."

"Nani alikuagiza?" Sijawahi kumuuliza Baba hivyo. "Manispaa? Walikwambia utufiche ukweli?"

"Waniagize? Wakijua nilicheza na tangi hivyo watanifukuza kesho."

"Basi kwa nini, Baba? Dada Fundi ameshalirudisha daftari. Mwalimu amekata tamaa. Wamesema mto ni safi, na wamesema kwa vipimo vyangu mimi."

"Kula, chakula kinapoa."

Sikula. Naye hakula. Friji ilinguruma, ikanyamaza. Nilijua kesho ataingia zamu, tangi litajaa, atafungua. Na keshokutwa vilevile. Sikuwa na cha kumwomba. Hata akiliacha lango wazi Jumamosi zote zilizobaki, hakuna tena atakayesoma daftari letu.

Nikaanza kuondoa vyombo. Baba alikuwa anatazama dirishani, nilikoanika glavu zangu.

"Glavu zako zinaishia kwenye kifundo cha mkono," alisema.

"Ndizo tulizopewa."

"Na pale umeandika mkono hadi kiwiko." Alionyesha friji bila kuigeukia. "Sikuwaza mto, mwanangu. Wala barua zenu sikuziwaza. Nilitaka tu, siku unayoingiza mkono, usishike ninachokifungulia."