Mali ya Cheche

Mchoraji alipombuni Cheche, shujaa wa vitabu vyake vya katuni, hakumtoa mbali. Alimtoa kwa baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyepofushwa na moto wa kazi. Cheche naye alikuwa fundi. Kinyago chake kilikuwa kile kile cha kuchomelea, na silaha yake ilikuwa mikono, na akili ya kufungua mlango wowote wa chuma. Kitabu cha kwanza kiligombaniwa kama maji ya kiangazi. Ndipo Bosi, mwenye kampuni ya uchapaji, alipomwita ofisini.

“Binti, shujaa wako hana kitu. Gari atapata wapi? Na nafasi ya kuwinda majambazi ataitoa wapi, kazini hawamtafuti? Mfanye tajiri.”

“Akiwa tajiri si Cheche tena, bosi.”

“Tajiri akivaa kinyago ni shujaa. Maskini akivaa kinyago ni mwizi. Ndivyo dunia ilivyo.”

Mkataba ulikuwa umempa Bosi kila kitu. Cheche akahamia jumba la ghorofa tatu, na jina la mchoraji likatoweka kwenye jalada. Kisha Bosi akaleta picha yake mwenyewe: sura ya Cheche sasa iwe hii, ila kidevu kipunguzwe kidogo.

Mzee alipoelezwa, alisema tu, “Basi wamenizika nikiwa hai.”

Neno hilo lilimkwama binti yake kooni kama mwiba wa samaki. Hakugombana. Alichora, akatabasamu, akapunguza kidevu, mpaka Bosi akazoea kutazama jalada na kurasa za ngumi tu kabla ya kutia sahihi.

Katika toleo la kumi na mbili, Cheche alimsaka mtu aliyechoma karakana za mafundi ili atwae kiwanja chao. Alifuata nyayo ukurasa hadi ukurasa, mpaka kwenye kabati la hati. Jina kwenye hati lilikuwa lake mwenyewe. Katika picha ya mwisho alivua kinyago mbele ya kioo, na safari hii kidevu hakikupunguzwa hata chembe.

Kufikia Jumatatu mji mzima ulikuwa unacheka. Mlinzi wa getini alimwambia Bosi, “Shikamoo, Cheche,” kisha akainamisha uso. Mashemeji zake wakamwuliza kiwanja cha kampuni alikipataje. Walianza kwa utani, wakaishia kutaka jibu.

“Umenivua nguo mbele za watu,” Bosi alimwambia mchoraji.

“Wewe ndiye uliyetaka awe tajiri. Nami nikajiuliza tu mali ameitoa wapi.”

Alifukuzwa hapo hapo. Alikusanya kalamu zake bila haraka, moja moja, Bosi akiwa amesimama mlangoni. Utamu wa namna ile haulambwi mara mbili.

Nyumbani alimsomea baba yake kitabu chote. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza, “Na wale mafundi waliochomewa karakana, mwisho wao ulikuwaje?”

Mchoraji alifunua kurasa upya. Hakuwa amemchora hata mmoja.

“Sikuwakumbuka, baba,” alikiri. “Macho yangu yote yalikuwa kwa Bosi.”