Pembe za Kombo

Mume wangu Kaingu na kaka yake Fondo waligombania pembe tangu siku niliyoolewa mpaka Fondo alipokufa. Mimi ndiye niliyewapikia huku wakigombana, kwa hiyo nina haki ya kusema. Watu wengine hugombania shamba, au ng'ombe, au mwanamke. Hawa waligombania umbo la pembe za palahala.

Palahala dume, kwa asiyemjua, ni mnyama mweusi wa msitu wa Shimba, na pembe zake hupinda kurudi nyuma karibu ziguse mgongo. Kaingu alizipenda za sawasawa: ya kulia ikiwa hivi, na ya kushoto iwe vivyo hivyo. Akizipata za namna hiyo alizipaka mafuta ya nazi, akazitundika barazani, na mgeni hakuonja maji kabla hajazisifu. Fondo alizitaka za kombo, za mnyama aliyeumia angali ndama, pembe moja ikaota vyema na ya pili ikaenda upande, ikashuka hadi shavuni.

"Hizi zina habari," Fondo alisema. "Zako, nikiona moja nimeziona zote."

"Hizo zina kilema," Kaingu alijibu. "Mnyama wa namna hiyo simharibii mshale wangu."

Hapo Fondo alinyamaza. Kila mara alinyamaza hapo hapo, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amekwisha maneno.

Fondo alizaliwa na mguu uliopinda kifundoni, unyayo ukiangalia ndani. Nilipoletwa pale bibi harusi, mavyaa wangu, yaani mama yao, alinivuta jikoni hata sijapumzika, akaniambia, "Mguu wa Fondo hausemwi katika nyumba hii." Nao haukusemwa. Tukienda mahali tulitembea polepole, tukasingizia jua. Fondo akibaki nyuma, Kaingu aliinama kutoa mwiba ambao haukumchoma. Tuliona huo ndio upendo, na kwa kiasi chake ulikuwa upendo.

Wakati huo serikali ilikuwa imekataza kuwinda bila leseni, na watu wa upinde kama wetu hawakuwa na leseni. Waliwinda hivyo hivyo, kwa kujificha, na kila walipotoka nilijiona nikipeleka chakula jela ya Kwale. Kaingu alikuwa mtu wa kufukuza. Fondo hakuweza kufukuza, basi aliupima upepo, akachagua mahali pake, akakaa kimya mpaka mnyama akaja mwenyewe. Nyama iliyoingia chunguni mwangu, nyingi ilikuwa ya Fondo. Hilo nalo halikusemwa.

Mwaka wa hamsini na sita, mvua za vuli zilipoanza, Fondo alishikwa na kifua. Tulimpeleka hospitali ya Msambweni, wakamtibu kadiri walivyoweza, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Alikuwa amekonda mpaka kitanda cha kamba kilimzidi. Sote tulijua alichorudi kufanya.

Sasa, katika mlango wetu, yaani ukoo wetu, mwindaji akifa, mwenziwe wa msituni humfungia pembe juu ya nguzo ya mti wa mhuhu kaburini. Pembe hizo husomwa na kila apitaye. Za sawasawa husema hapa amelala mtu mnyofu. Za kombo ziliwahi kufungwa mara moja tu, zamani sana, kwa mtu aliyeua jamaa zake kwa uchawi, na mpaka leo watu wakipita pale hutema mate.

Fondo alimwita Kaingu kitandani. Mimi nilikuwa namkanda mgongo.

"Liko dume la kombo bondeni, karibu na maporomoko," alisema. "Nalijua tangu likiwa dogo. Nataka unifungie zile."

"Kaka, unajua watu watasemaje."

"Najua."

Kaingu alichukua upinde akatoka, akakaa huko siku kadhaa, akarudi na pembe ambazo sijaona mfano wake tena. Ndefu, nyeusi, zimelingana mpaka ncha. Aliziweka kando ya kitanda, akarudi nyuma kidogo, akangoja kusifiwa. Mtu mzima yule.

Fondo aliziangalia kitambo. "Ulimwona yule wa kombo?"

"Nilimwona."

"Ukampita."

"Nilimpita. Wewe ni kaka yangu. Siwezi kukufungia aibu juu ya kaburi."

Fondo aliniashiria nimwinue, nikamwegemeza kifuani kwangu. Aliongea taratibu, kwa sababu ya pumzi.

"Miaka yote hii, kila uliposema kilema, nilikuwa nimekaa kando yako, tunakula sahani moja. Na wala hukuwa ukinitukana. Ungalinitukana ningalijua pa kukujibu." Akakohoa, tukamngoja. "Mmeuficha mguu wangu mpaka nikauonea haya mimi mwenyewe. Sitaki kufichwa na kaburini."

Kaingu alisimama pale na mikono yake mikubwa, hana pa kuiweka. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia, na nikajikasirikia zaidi mimi, kwa kuwa nilikuwa nimetembea polepole na kusingizia jua kama wote. Mavyaa alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno, akageuka akaenda kupepeta mahindi yaliyokwisha kupepetwa.

Alfajiri Kaingu alirudi msituni. Fondo hakumngoja. Alikufa kesho yake mchana, nikimnywesha uji, na wa mwisho, ambao hakuumeza, nilimfuta mdomoni kwa kidole changu.

Tulimzika jioni ile ile. Nguzo ilikwisha kusimamishwa, na Mzee Ziro, mkubwa wa mlango wetu, alikuwa amezishika zile pembe nzuri, anamngoja wa kuzifunga. Watu walianza kunong'ona kwamba Kaingu amekamatwa. Mimi nilikuwa nimeshaamini hivyo. Udongo wa mwisho ulikuwa unatiwa alipotokea, nguo zimeraruka, begani ana gunia. Alipoona kaburi limejaa alisimama kidogo. Kisha akaja, akafungua gunia.

Pembe ya kulia ilikuwa imepanda vizuri. Ya kushoto ilikuwa imejisokota ikashuka. Watu waliokuwa karibu walirudi nyuma.

"Kaingu," Mzee Ziro alisema kwa upole, "ndugu yako hakumdhulumu mtu. Unataka wajukuu waje kutema mate hapa?"

"Ameniomba hizi."

"Mgonjwa husema mengi. Sisi tulio wazima ndio tunaomstahi."

Nilidhani atakubali. Namjua mume wangu, anapenda kusifiwa na wazee. Zile nzuri zilikuwa mbele yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alizitazama. Kisha akawageukia watu.

"Kaka yangu alikuwa kiwete," alisema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia katika ukoo ule. Mwanamke mmoja alijiziba mdomo. Mzee Ziro aliangalia chini.

"Alikuwa kiwete, na alinishinda kuwinda. Nilikuwa nikirudi mikono mitupu nakula nyama yake, halafu namcheka kwa pembe zake. Atakayetema mate hapa anitemee mimi."

Watu wote walikuwa wanamtazama mavyaa wangu, kwa sababu agizo la kutousema mguu lilikuwa lake, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa ameketi chini pamoja na wanawake, kanga kichwani. Alijaribu kuinuka, nikamshika mkono, akasogea mpaka kwenye nguzo, aliposimama Kaingu. Akaigusa ile pembe iliyoshuka, akaipapasa pale ilipoanzia kupinda.

"Ulikuwa mguu wa kushoto," alisema, akituambia sote. "Nilikuwa nikiukanda akiwa mtoto, usiku, watu wasinione. Nilidhani utanyooka."

Kisha akamwambia Kaingu azifunge kwa nguvu, zisije zikaanguka.